Spana ya 13: kisa cha vespa iliyokwama Jozani

Mwalimu mmoja wa mjini Unguja alikwenda Makunduchi na mkewe mwezi wa Julai kuangalia Mwaka Kogwa, sherehe za mwaka mpya za kijiji kile. Jioni wakarudi kwa vespa yao, na usiku ule vespa ikalala uani kwa mzee mmoja wa kijiji cha Pete. Kesho yake asubuhi ililetwa gereji kwangu juu ya kirikuu. Wote wawili wameniruhusu nikieleze kisa chao, na nakieleza kwa sababu mwalimu si mtu wa kupuuza mambo. Alikuwa na begi la vifaa, tena zito. Alikuwa na tairi la spea. Alikuwa na kipakiti cha huduma ya kwanza. Vyote ambavyo watu humwambia mwenye vespa achukue, yeye alivichukua, na ukiacha nyundo moja, hakuna hata kimoja kilichomfaa usiku ule. Kwa hiyo kisa chake kina mengi ya kujifunza kuliko cha mtu aliyetoka nyumbani mikono mitupu.

Vespa yenyewe ni PX 150, ile ya gia za mkono wa kushoto, injini ya kuchanganyia petroli na oili ya 2T, yaani ya injini za mipigo miwili. Magurudumu yake ni ya inchi 10, na la mbele na la nyuma ni mamoja, kwa hiyo spea moja inatosha kwa yote mawili. Spea imefichwa chini ya kifuniko cha ubavu wa kushoto. Jambo jingine la kushika hapa ni kwamba hii ya mwalimu ni ya kupiga kiki, haina betri. Umeme wa taa unazalishwa na injini ikizunguka. Injini ikizimika, taa ya mbele na ya nyuma zinazimika papo hapo.

Waliondoka Makunduchi baada ya alasiri, lakini kuagana na jamaa kukawachelewesha. Kwenye ubao wa miguuni palikuwa na kiroba cha muhogo walichopewa, mke amekaa nyuma na mkoba wake. Wakapita Muyuni, wakafika Kitogani maghribi inaadhiniwa, wakashuka kusali. Walipopanda tena giza lilikuwa limeshaingia. Mbele kidogo, barabara inapopita kando ya msitu wa Jozani, kuna matuta yaliyowekwa ili magari yapunguze mwendo, kima punju wasigongwe. Mwalimu analijua kila tuta la pale, ila siku ile moja aliliona limeshafika chini ya gurudumu. Anasema alisikia kishindo kimoja kikavu nyuma, na baada ya mita chache vespa ikaanza kutikisa kiuno kushoto na kulia.

Alifanya vizuri hapo. Hakukamata breki kwa nguvu, aliachia mafuta, akaiacha ipungue yenyewe, akasimama. Kisha akazima injini, na giza likawafunika. Daladala iliyokuwa inakuja nyuma yao ikapita karibu mno, dereva akipiga honi ndefu baada ya kuwaona dakika ya mwisho. Mke ndiye aliyesema, "Baba, tutoke barabarani kwanza, hayo mengine baadaye." Wakaisukuma mpaka majanini. Akavua mtandio wake mweupe wa juu, akaufunga nyuma ya kiti ili taa za magari ziupige. Katika yote yaliyofanyika usiku ule, ule mtandio ndio uliofanya kazi ya kifaa cha dharura kuliko vyote, na haukutoka ndani ya begi.

Yaliyofuata nayaeleza kwa mpangilio, maana kila hatua imezaliwa na iliyotangulia.

Mwalimu akafungua kifuniko cha ubavuni, akatoa spea kwa mwanga wa simu. Gurudumu la vespa hii linashikwa na nati tano kwenye ngoma ya breki, zote za spana ya 13. Akaanza kujaribu spana za kwenye begi moja baada ya moja. Ya 12 haiingii, ya 14 inacheza. Akachukua spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, lakini meno yake ni mapana, hayafiki vizuri kwenye nati iliyo ndani ya bonde la rimu. Ikateleza mara mbili tatu, na nati moja ikaanza kuwa mviringo. Katika kuhangaika huko, kifundo cha mkono kikagusa ekzosi, ambayo kwenye vespa iko chini ya injini, karibu kabisa na gurudumu la nyuma, na ilikuwa imetoka kufanya kazi ya safari nzima. Maji ya chupa walikuwa wameshayanywa Kitogani.

Simu ikabaki na chaji kidogo, wakazima tochi. Akaamua kupanda peke yake na kwenda polepole kwa gia ya kwanza, mke akimfuata kwa miguu, wafike penye nyumba. Uamuzi huo naufahamu. Mtu yuko msituni usiku na mkewe, mkono unamuuma, hawezi kukaa kusubiri tu. Lakini tairi lisilo na upepo likizungushwa na injini huteleza juu ya rimu na kuivuta tyubu, huku vali imebanwa kwenye tundu lake. Haikuchukua muda vali ikang'oka kwenye shina. Mpaka hapo tyubu ilikuwa na matumaini ya kuzibika. Baada ya hapo, haikuwa na kazi tena.

Kijana aliyekuwa akirudi mjini kwa vespa yake akawapita, akaona mtandio, akageuza. "Asalamu alaykum. Ami, mmekwama?" Huyo alikuwa na spana ya boksi ya 13 chini ya kiti. Nati nne zikafunguka, ile iliyoliwa ikachukua muda na ikafunguka kwa nyundo ya mwalimu, na hiyo ndiyo faida pekee iliyopatikana kutoka kwenye begi. Spea ikavaa. Mke akaikanyaga kwa mguu kuipima, ikalala chini. Spea ilikuwa haina upepo. Kijana hakuwa na pampu. Wakaisukuma vespa wote hadi Pete, kwa mzee mmoja aliyewafungulia uwa wake usiku ule na kutoa pampu ya baiskeli yake, lakini mdomo wa pampu ile haukushika vali ya tyubu ya vespa. Ndipo wakakubali. Wakapata gari ya mwisho mwisho ya kuelekea mjini, vespa ikabaki.

Ilipofika kwangu asubuhi, nilianza na tairi kabla ya begi. Rimu za vespa hizi ni nusu mbili zilizounganishwa kwa nati, kwa hiyo huhitaji vyuma vya kubandulia tairi. Unatoa upepo wote, unafungua nati za rimu, nusu zinaachana na tyubu inatoka nzima. (Tahadhari hapa haina mjadala. Nati hizo za kuunganisha rimu hazifunguliwi kamwe tyubu ikiwa na upepo, kwa sababu nusu moja inaweza kuruka na kumvunja mtu uso. Zinazofunguliwa barabarani kwa kubadilisha gurudumu ni zile zinazolishika kwenye ngoma ya breki tu.) Nilipoitandaza ile tyubu nikaona matundu mawili yaliyokaa sambamba, membamba, kama alama ya meno ya nyoka. Hapakuwa na msumari wala mwiba, na ndani ya tairi nilipapasa sikuona kitu. Matundu ya namna hiyo huja tyubu inapobanwa kati ya ukingo wa rimu na kitu kigumu, na hilo hutokea tairi linapokuwa na upepo mdogo na mzigo mkubwa.

Nikapima tairi la mbele, ambalo lilikuwa zima. Lilisoma PSI 14 (PSI ndicho kipimo cha nguvu ya upepo), wakati PX inataka kama 18 mbele. Nyuma inataka kama PSI 25 mtu akiwa peke yake, na 36 akipakia mtu. Tofauti ya 25 na 36 si ndogo, na wengi hawaijui kwa sababu mwenye pampu mtaani hujaza kwa kugonga tairi kwa kiganja. Kama la mbele lilikuwa limeshuka kiasi kile, la nyuma halikuwa na 36 siku ya Makunduchi. Mwalimu mwenyewe akasema mara ya mwisho kujaza ilikuwa kabla ya Ramadhani. Watu wawili, kiroba cha muhogo, tairi laini, na tuta. Kwa hesabu hiyo pancha ilikuwa imeshaandaliwa mjini, ikasubiri mahali pa kutokea.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kilichokosekana ni kipimo cha upepo, kile kidogo cha kalamu kinachoingia mfukoni. Hicho hakimsaidii mtu aliyekwama, lakini kingefanya asikwame. Na spea nayo inapimwa siku ile ile. Ushauri wangu ni spea ijazwe 36 daima, kiwango cha nyuma chenye abiria, hata kama unaendesha peke yako. Barabarani unaweza kupunguza upepo kwa ukucha ikiwa unaivika mbele, lakini kuuongeza bila pampu huwezi.

Kisha nikatandika gunia nikalimwaga begi. Nataka msomaji aone vilivyotoka, maana nadhani mabegi mengi yako hivi. Nyundo ya kichwa kizito. Spana za 10, 11, 12, 14, 17 na 19, hakuna 13. Spana malaya. Bisibisi tatu, mbili zinafanana. Tepu nyeusi ya umeme iliyoyeyuka na kushikana na kila kitu. Viraka vya pancha na gundi yake, lakini kibomba cha gundi kimegeuka jiwe. Spana ya plagi, haina chuma cha kuizungushia. Plagi mpya kabisa ndani ya boksi lake. Bandeji zimenyonya unyevu mpaka zimebadilika rangi, na plasta hazishiki.

Ile plagi nilikaa nayo mkononi kwa muda. Ilikuwa ya nyuzi ndefu, B7ES, inayotumika kwenye PX 200. Ya 150 hutumia ya nyuzi fupi, B7HS. Mtu akiifunga ile ndefu kwenye kichwa cha 150, ncha yake hujitokeza ndani ya chumba cha moto, na pistoni ikipanda inaweza kuigonga. Ikiwa mwalimu angezimikiwa kwa sababu ya plagi siku nyingine, akabadilisha gizani kwa furaha kwamba ana mpya, angeirudisha vespa kwangu na pistoni iliyotoboka. Kifaa kisicho chake ndani ya begi ni kibaya kuliko kukosa kifaa, kwa sababu kinamtia mtu moyo wa kufanya jambo la kumharibia.

Nilipomuuliza vilitoka wapi, jawabu likafungua kila kitu. Begi lilikuwa la pikipiki aliyokuwa nayo zamani. Alipoiuza alibaki na begi, akalihamishia kwenye vespa, na plagi akaongezewa na rafiki. Hakuna siku hata moja ambayo begi lile na vespa ile vilikutanishwa. Na hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki kwa maoni yangu. Watu hubishana vifaa gani vibebwe, orodha zinarefuka, lakini swali la kuuliza ni moja: umewahi kulitumia begi hilo kwenye vespa hiyo, nyumbani, bila kwenda kuazima kitu ndani? Kama hujawahi, huna begi la dharura. Una mzigo.

Basi tukalipanga upya, mwalimu na mkewe wote wakiwepo, kwa kuanzia na hitilafu zinazoikuta PX kweli na si na vifaa.

Ya kwanza ni gurudumu, na ndiyo iliyochukua nafasi kubwa. Spana ya boksi ya 13 yenye mkono mrefu, kwa sababu nati hizi hupata chumvi ya bahari na kushika, na spana fupi inamtaka mtu mwenye nguvu za mkono ambazo huenda mke au mtoto hana. Pampu ndogo ya mkono ambayo mdomo wake tumeujaribu kwenye vali hiyo hiyo, maana vali ya tyubu ya vespa imepinda na si kila mdomo unakaa. Tyubu moja mpya ya 3.50-10 iliyonyunyizwa unga wa talki na kufungwa ndani ya kitambaa, si kwenye boksi lake, kwani boksi hulika na kona zake hukwaruza mpira. Kwa nini tyubu wakati spea ipo? Kwa sababu spea ikishavaliwa njiani, safari iliyobaki huna akiba, na kutoka Makunduchi hadi mjini ni zaidi ya nusu ya urefu wa kisiwa. Viraka tumevibakisha, lakini kwa pancha ya msumari tu. Matundu ya kubanwa usihangaike nayo usiku, weka tyubu mpya.

Pamoja na hivyo, kipande cha gunia. PX hutolewa gurudumu la nyuma kwa upande wa kushoto, na namna nyepesi ni kulegeza nati kwanza vespa ikiwa imekanyaga chini, kisha kufunga bomba la petroli, kuilaza taratibu upande wa kulia juu ya gunia, na kulivuta gurudumu nje. Gunia linalinda kifuniko cha injini na linakupa pa kupiga magoti. Na glavu za kazi, zile za kitambaa zenye mpira viganjani. Kama mwalimu angekuwa nazo, ekzosi isingempata.

Ya pili ni kebo ya klachi. Ikikatika una injini nzuri na huwezi kuondoka nayo kwa amani. Waya wa ndani wa akiba hauna uzito na hauli nafasi, lakini unatakiwa uandaliwe nyumbani. Uwe umepakwa grisi, na ncha yake isiyo na kichwa iwe imelowekwa gundi kali ili nyuzi zisichanuke, kwa sababu waya uliochanuka hauwezi kupita ndani ya ganda lake, na usiku utautupa kwa hasira. Tukaongeza kishikizo cha waya cha akiba, kile kidogo chenye skrubu, maana kikidondoka majanini hukipati, pamoja na spana ya 8 na koleo la kuvutia waya. Kebo za gia hatukuweka. Ziko mbili, hukatika mara chache, na kuzibadilisha gizani ni kazi ya kukatisha tamaa. Ikikatika ya gia, unaweza kubaki na gia moja na ukafika polepole.

Ya tatu ni plagi. B7HS moja, nafasi ya ncha milimita 0.6 imeshapimwa, spana yake ya 21 na chuma chake cha kuzungushia kimefungwa pamoja kwa kipande cha tyubu. Na kipande cha msasa. Injini ya 2T ikilishwa oili nyingi, plagi hulowa na kuwa nyeusi, na mara nyingi kuifuta na kuirudisha kunatosha.

Nne, oili. Mwalimu alikuwa hana hata tone, na hili watu wa 2T huliona baada ya petroli kwisha. Petroli ya chupa unaipata vijijini, lakini oili ya 2T huenda usiipate, na kuiwasha injini kwa petroli tupu ni kuiua. Kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa lita moja. Kichupa cha mililita 100 chenye mistari iliyochorwa kwa kalamu kinatosha lita 5, na tanki zima la PX ni lita 8 hivi. Ndugu zetu wengine hubeba petroli yenyewe kwenye chupa ya maji chini ya kiti. Mimi sikubaliani nalo. Chupa ile haikutengenezwa kwa petroli, huvimba kwa joto, na kizibo chake huvuja mvuke pale pale ulipokalia. Rizevu, ile akiba ya petroli ndani ya tanki, ipo kwa kazi hiyo. Igeuze mara moja moja uhakikishe bomba halijaziba.

Mwanga niliusisitiza kuliko mwalimu alivyotarajia, kwa sababu ya ile daladala. Vespa isiyo na betri ikizima usiku haionekani kabisa, na hatari ya kugongwa ni kubwa kuliko hatari ya kulala njiani. Kwa hiyo tochi ya kuvaa kichwani, mikono yote ibaki na kazi, na betri zake zinakaa nje ya tochi ndani ya kifuko zisije zikavujia humo. Jaketi la kung'aa moja, la yule asiyefanya kazi, asimame nyuma hatua hamsini au zaidi upande wa majani, si barabarani. Na mkanda wa kung'aa umebandikwa nyuma chini ya taa, huo hautaki kukumbukwa. Simu ibaki kwa kupiga simu, pamoja na 112 ikibidi, isiwe tochi.

Kwenye huduma ya kwanza tulitupa karibu kila kitu tukaanza upya. Nilipomwona mwalimu asubuhi ile kifundo chake kilikuwa na ganda jeupe, ni dawa ya meno aliyopakwa na mtu kwa nia njema. Moto wa ekzosi unatakiwa upoozwe kwa maji safi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20, na mapema iwezekanavyo. Dawa ya meno, samli, mafuta, vyote hivyo huzuia joto lisitoke na humpa daktari kazi ya kusugua kidonda. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni chupa ya maji ya lita moja na nusu isiyonywewa, mke amejipa kazi ya kuilinda. Kisha shashi safi ndani ya vifuko vyake, bandeji pana ya kukaza damu, glavu za plastiki, mkasi, na mfuko wa nailoni safi wa kufunikia sehemu iliyoungua baada ya kupoa. Basi. Vidonge hatukuweka, vinaharibika kwa joto la chini ya kiti. Mwalimu alikwenda kituo cha afya siku ile ile, kidonda kikasafishwa, na sasa amepona.

Kuhusu kukaa kwa vifaa, vizito vimekwenda chini na katikati, vimeviringishwa kwenye vipande vya tyubu chakavu. Vipande hivyo vinazuia kelele na msuguano, na vyenyewe ni kamba za mpira za kufungia chochote kilicholegea. Vyuma vyote vimepakwa oili kidogo na kufungwa kwenye nailoni. Kisiwani hapa spana iliyoachwa wazi chini ya kiti hupata kutu kabla ya msimu kwisha.

Halafu tukafanya lile lililokuwa halijafanywa. Ijumaa moja magharibi imeingia, uani kwao, nikamwambia abadilishe gurudumu la nyuma kwa vile vilivyomo ndani ya begi tu, mimi nimekaa kwenye baraza sisogei. Na hapo begi likaonesha aibu yake ya mwisho: spana ya boksi tuliyonunua ilikuwa na ukuta mnene, haikuingia vizuri kwenye mojawapo ya nati karibu na shina. Dukani ilionekana nzuri. Tukaibadilisha kesho yake. Mara ya pili alifanya mke, na alimaliza bila kuomba msaada isipokuwa wa kuilaza vespa. Hilo nililitaka zaidi, kwa sababu usiku wa Jozani anayeungua mkono anaweza kuwa yule anayejua kazi.

Wenye skuta za otomatiki, ambazo sasa ndizo nyingi mjini na kwenye mahoteli ya pwani, wasilinakili begi la mwalimu. Zao hazina spea, na nyingi ni tubeless, yaani tairi zisizo na tyubu. Wanahitaji utambi wa kuzibia pancha na sindano yake, pampu, fyuzi za kiwango sahihi, na kama haina kiki basi waijali betri kabla ya safari, kwa kuwa ikifa barabarani hakuna spana itakayoiamsha. Mkanda wa ndani ukikatika, begi lolote halisaidii. Huo hubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa na mtengenezaji. Lakini jaribio la uani ni lile lile, na bahati nzuri utambi unaweza kuujaribu kwenye tairi chakavu kwa fundi pancha yeyote.

Mwalimu amebandika karatasi ndani ya mlango wa kisanduku cha mbele. Juu ameandika 18, 25 na 36. Chini yake vitu vitatu vyenye tarehe, vile vinavyokufa vikiwa vimekaa kimya: gundi ya viraka, betri za tochi, na maji. Gundi ikishafunguliwa mara moja anainunua nyingine, hata kama imetumika tone moja.